Usikhi na dini ya Wakirati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakirati ni nani, na kwa nini dini yao inalinganishwa na Usikhi?

Wakirati ni jina la jumla la jamii kadhaa za milimani mashariki mwa Nepal, hasa Walimbu, Warai, Wasunuwar na Wayakkha, ambao ndugu zao wengine wanaishi Sikkim na Darjeeling upande wa India. Lugha zao ni za ukoo wa Kitibeti na Kiburma, na dini yao haina mwanzilishi wala mwaka wa kuzaliwa; imerithiwa pamoja na lugha, ukoo na shamba. Usikhi, kinyume chake, una mwanzo unaojulikana: ulianza Punjab na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539, ukaendelezwa na Maguru, yaani walimu wakuu, wengine 9 waliomfuata.

Watu huzilinganisha kwa sababu zote mbili ni dini za wachache katika eneo ambalo Wahindu ni wengi, na wafuasi wa zote mbili wamechoka kueleza kwamba wao si tawi la Uhindu. Sababu ya pili ni ya bahati tu, nayo imeelezwa hapa chini katika jibu kuhusu neno "kirat".

Je, Wasikhi ndio wale tunaowaita Makalasinga?

Ndiyo. Katika Afrika Mashariki neno Kalasinga, au Singasinga kwa wengine, lilienea tangu mafundi na askari kutoka Punjab walipokuja kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896, nalo linatokana na Singh, jina ambalo wanaume wa Kisikhi wengi hulitumia. Wenyewe hujiita Sikh, maana yake mwanafunzi. Katika ukurasa huu tunatumia Usikhi na Wasikhi, si kwa kuwa Kalasinga ni tusi, bali kwa kuwa neno hilo la mtaani linamtaja mtu na kilemba chake zaidi ya linavyoitaja imani yake.

Neno "kirat" lipo pia katika mafundisho ya Wasikhi. Je, si ushahidi kwamba dini hizi zina uhusiano?

Hapana, ingawa kosa hili linaeleweka. Wasikhi hufundishwa nguzo tatu za maisha, nazo ni naam japo, yaani kulikumbuka jina la Mungu, kirat karo, yaani kujipatia riziki kwa kazi halali, na vand chhako, yaani kugawana na wengine ulichonacho. Kirat hapa ni neno la Kipunjabi lenye maana ya kazi. Kirat ya Nepal ni jina la watu, linalotokana na Kirata, jina ambalo maandiko ya kale ya Kisanskriti, ikiwemo Mahabharata, huwaita watu wa milima ya Himalaya. Ni maneno mawili yaliyokutana kwenye matamshi, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Je, wote wanamwabudu Mungu mmoja?

Kwa Msikhi jibu halina utata. Guru Granth Sahib, andiko takatifu la Wasikhi, huanza kwa maneno Ik Onkar, tamko la umoja wa Mungu, na aya ya kwanza inamweleza Mungu huyo kuwa muumba asiye na hofu, asiye na chuki, asiyezaliwa wala kufa. Hachongewi sanamu, na hakuna mungu mdogo wa kumpelekea maombi.

Kwa Wakirati inategemea unamuuliza nani na wa jamii gani. Walimbu humtaja Tagera Ningwaphuma, nguvu kuu yenye akili iliyo asili ya vyote, lakini katika ibada za nyumbani anayeitwa mara nyingi zaidi ni Yuma, bibi mkuu, na pamoja naye Theba, babu. Warai husimulia habari za Sumnima, mama wa ardhi, na Paruhang wa mbinguni. Juu ya hao kuna mizimu ya ukoo, ya msitu, ya mto na ya mlima. Mwandishi mmoja atasema hii ni imani ya Mungu mmoja mwenye wasaidizi, mwingine atasema ni miungu mingi, na mimi naona wote wawili wanalazimisha vazi lililoshonewa mtu mwingine. Swali la Mkirati mwenye mgonjwa nyumbani si miungu ni wangapi, bali ni nani kati yao hajapewa haki yake.

Simulizi ya Walimbu kuhusu kuumbwa kwa binadamu inaonyesha ladha ya dini hii kuliko maelezo yoyote. Muumba alijaribu kwanza kumtengeneza mtu kwa madini ya thamani, naye hakuweza kusema. Alipochanganya majivu ya mianzi, maji ya mvua na kinyesi cha kuku, mtu akasema. Huwezi kuikuta taswira kama hiyo katika tenzi za Guru Nanak, ambazo zinapofika kwenye uumbaji hunena juu ya giza la vizazi visivyohesabika na amri ya Mungu, hukam, iliyoleta vyote.

Je, dini zote mbili zina maandiko matakatifu?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi. Jibu la haraka ambalo utalisikia ni kwamba Wasikhi wana Guru Granth Sahib na Wakirati wana Mundhum. Kwa hesabu ya majina jibu hilo ni sahihi, lakini linapotosha, kwa sababu vitu hivyo viwili havifanani hata kidogo.

Guru Arjan, Guru wa tano, alikusanya tenzi za Maguru waliomtangulia na zake mwenyewe, akaziweka katika juzuu moja mwaka 1604. Alizichanganya na tenzi za watakatifu wasio Wasikhi, akiwemo Kabir, Ravidas aliyekuwa fundi wa ngozi, na Sheikh Farid ambaye alikuwa Mwislamu. Mwaka 1708, Guru Gobind Singh, wa kumi, kabla ya kufariki alitangaza kwamba baada yake hapatakuwa tena na Guru mwenye mwili, na kwamba Guru wa Wasikhi ni Granth, yaani juzuu hiyo yenyewe. Toleo la sasa lina kurasa 1,430, na kila nakala iliyochapwa ina maneno yale yale katika ukurasa ule ule, iwe Amritsar au Nairobi.

Hapa Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Je, tuseme kitabu kinafunguliwa, au Guru anaamka? Ukifika gurdwara, nyumba ya ibada ya Wasikhi, alfajiri utaona jinsi Wasikhi wenyewe wangelijibu swali hilo la ngeli. Guru Granth Sahib hutolewa katika chumba chake cha kulala akiwa amebebwa kichwani, huku anayembeba akitangulia na waliopo wakisimama. Hulazwa juu ya mito chini ya kitambaa kilichotandazwa kama paa, hufunikwa nguo za thamani, na mtu hukaa nyuma yake akimpungia usinga kama anavyopungiwa mfalme. Usiku hufungwa na kurudishwa kulala. Anayeita kitu hicho "kitabu" amesema kweli, lakini ameitumia ngeli isiyo yake.

Mundhum, au Mundum kama Warai wengi wanavyolitamka, ni jambo lingine. Ni bahari ya simulizi, nasaba, sala na maelekezo ya safari za roho, inayoishi katika kumbukumbu za wanaoikariri usiku kucha kwa lugha ya kitamaduni ambayo hata wajukuu wao wanaoijua vizuri lugha ya nyumbani hawaielewi yote. Kila jamii, na pengine kila bonde, ina Mundhum yake, na tofauti hizo hazihesabiwi kuwa makosa. Walimbu huigawa katika sehemu mbili, Thungsap, yaani ya mdomo, na Peysap, iliyoandikwa. Katika karne ya 20 mtaalamu Iman Singh Chemjong, aliyeishi 1904 hadi 1975, aliikusanya na kuichapisha kwa sehemu, na kwa kazi hiyo vijana waliosoma mjini wamepata cha kushika mkononi. Hata hivyo, Mundhum iliyochapwa haiponyi mtu. Ili itende kazi, lazima mtu mwenye idhini asimame na kuisema, mbele ya kuku, tangawizi na majani yaliyopangwa ipasavyo, kwa jina la nyumba husika.

Kwa hiyo dini moja imeyaweka mamlaka yake katika maneno yasiyobadilika herufi, na nyingine katika sauti ya mtu aliyefundishwa na wahenga wake. Tofauti nyingine nyingi katika ukurasa huu zinatokana na hiyo.

Je, kuna makuhani?

Usikhi hauna ukuhani. Granthi ni msomaji na mtunzaji, na Msikhi yeyote mwenye uwezo wa kusoma, mwanamke au mwanamume, anaweza kuisoma Granth mbele ya jamaa nzima.

Wakirati wanawahitaji watambikaji. Miongoni mwa Walimbu, phedangma husimamia matambiko ya kawaida ya kuzaliwa, kuoa na kufa, samba ni mkariri wa Mundhum ndefu, na yeba, au yema akiwa mwanamke, hushughulika na roho kali, kwa mfano za watu waliokufa vibaya. Warai huwa na nakchhong. Kazi hizi mtu hazichagui kama anavyochagua ualimu. Mara nyingi huitwa, pengine kwa ugonjwa au ndoto, ndipo afundishwe.

Falgunanda ni nani, na kwa nini wengine humwita "Guru" wa Wakirati?

Falgunanda Lingden, Mlimbu aliyeishi kuanzia mwaka 1885 hadi 1949, ndiye mtu anayeisogeza dini ya Wakirati karibu zaidi na umbo ambalo Msikhi angelitambua. Alihubiri dhidi ya kuchinja wanyama katika ibada, dhidi ya pombe, na dhidi ya gharama za harusi na mazishi zilizokuwa zikiziacha familia katika madeni na kuzifanya ziweke ardhi rehani. Mwaka 1931 aliwakusanya wazee, wakatia saini makubaliano yanayoitwa Satya Dharma Muchulka, ambayo pamoja na kupinga mambo hayo yalihimiza watoto wasomeshwe na maandishi ya Kilimbu yafundishwe. Mwaka 2009 serikali ya Nepal ilimtangaza kuwa miongoni mwa mashujaa wa taifa. Wafuasi wake, waitwao Satyahangma, wana kituo kikuu Larumba wilayani Ilam, huvaa nguo nyeupe, hawali nyama, na hukutana katika nyumba za ibada ziitwazo manghim, neno la Kilimbu lenye maana ya nyumba ya Mungu.

Mfanano na Guru Nanak unavutia: kukataa ubatili wa matambiko, kumrahisishia maskini ibada, kusisitiza maadili. Hata hivyo, sina ushahidi wa kunifanya niseme Falgunanda aliiga kwa Wasikhi, na anayetaka kudai hivyo inambidi auonyeshe. Tena Wakirati wengi hawakumfuata. Kwao, tambiko lisilo na kuku ni sawa na kumwalika mgeni na kumwonyesha sahani tupu.

Jambo la maandishi linastahili neno moja zaidi. Gurmukhi, herufi za Wasikhi, ziliwekwa sawa na Guru Angad katika karne ya 16, na maana ya jina lake ni kitu kitokacho kinywani mwa Guru. Herufi za Kilimbu huitwa Sirijunga, kwa jina la Te-ongsi Sirijunga aliyezihuisha na kuzifundisha katika karne ya 18, na ambaye mapokeo ya Walimbu yanasema aliuawa kwa mishale huko Sikkim mwaka 1741 kwa sababu ya kazi hiyo. Wasikhi nao wanamkumbuka Guru Arjan, aliyeuawa Lahore mwaka 1606. Katika dini zote mbili, kujifunza a na b za kwao si suala la shule peke yake.

Wanakula nini na wanakunywa nini?

Hapa ndipo njia zinapoachana mchana kweupe. Msikhi aliyepokea amrit, yaani aliyeingizwa katika Khalsa, jumuiya ya Wasikhi waliokubali masharti yake rasmi, haruhusiwi tumbaku, pombe wala nyama ya mnyama aliyechinjwa kwa utaratibu wa kidini. Wasikhi wengine hula nyama, wengine hawali, lakini chakula cha langar, jiko la bure lililomo katika kila gurdwara, hakiwi na nyama, ili asiwepo mtu wa dini yoyote atakayeshindwa kukila. Wote huketi chini kwa mstari mmoja, tajiri kwa maskini. Msafiri wa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anaweza kulithibitisha hilo Makindu, ambapo gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 bado inawapa wapita njia chapati, dengu na chai bila kuwauliza wao ni nani.

Kwa Mkirati wa desturi ya kale, pombe ni sehemu ya ibada. Mizimu hupewa, wageni hupewa, na ndoa haiposwi bila hiyo. Kinywaji mashuhuri cha Walimbu ni tongba: ulezi uliopikwa na kuchachushwa hujazwa ndani ya chombo cha mwanzi au mbao, hutiwa maji ya moto, husubiriwa dakika chache, kisha hunyonywa kwa mrija mwembamba wa mwanzi uliotobolewa vijitundu chini ili punje zisipite. Maji yakiisha unaongezewa mengine, hadi ulezi uishiwe nguvu. Msomaji kutoka Teso, Kenya au Uganda, atashangaa kuikuta ajon yake huko Himalaya, na ana haki ya kushangaa, kwa kuwa ulezi wenyewe asili yake ni nyanda za juu za upande huu wa Afrika, ukasafiri hadi Asia katika zama za kale.

Warai wana kitu kingine ambacho hakihitaji kufasiriwa kwa Mswahili: mafiga matatu. Mawe hayo ya jikoni ndiyo madhabahu ya nyumba, na wahenga hupewa sadaka zao hapo. Mgeni asiyejua akiyapiga teke au kuyachezea amekosea kuliko angevunja sahani zote za mwenyeji.

Wanawazikaje wafu wao?

Wasikhi huchoma maiti, hawajengi makaburi ya kuabudiwa, na huamini kwamba roho huzunguka katika kuzaliwa upya hadi neema ya Mungu iiunganishe naye. Walimbu kwa desturi huzika, na kabla ya kuzika hutupa sarafu kuinunua ardhi ya kaburi kwa mwenyewe asiyeonekana. Wafiwa huacha chumvi na mafuta kwa siku kadhaa. Phedangma huisindikiza roho kwa maneno, akiitajia njia moja baada ya nyingine hadi ifike kwa wahenga, na kuikataza isigeuke nyuma.

Je, mtu wa nje anaweza kujiunga?

Kwa Usikhi, ndiyo. Tangu siku ya Vaisakhi mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipowaita watu watano wa matabaka mbalimbali huko Anandpur na kuanzisha Khalsa, mlango umekuwa wazi kwa yeyote anayekubali masharti. Anayeingia hubeba alama tano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula ya pamba na kirpan, yaani kisu kifupi cha heshima. Wanaume huchukua jina Singh na wanawake Kaur. Wasikhi hawana desturi ya kuzunguka wakihubiri watu wabadili dini, ila hawamfungii mtu nje.

Mkirati huzaliwa. Tambiko la mangenna, ambalo Walimbu hulifanya ili kuinua kichwa cha mtu, yaani kuirejesha nguvu na hadhi yake, humtaka mtambikaji ataje ukoo na mahali ambapo wahenga wa ukoo huo walitokea. Asiye na ukoo hapo hana pa kuanzia. Anayeolewa huingizwa katika ukoo wa mume, na wafuasi wa Falgunanda wako wazi zaidi, lakini wazo la kubadili dini kwa kusadiki hoja fulani ni geni katika mapokeo ya zamani.

Sikukuu zao ni zipi?

Wasikhi husherehekea Vaisakhi mwezi Aprili na siku za kuzaliwa na kuuawa kwa Maguru. Warai wana Sakela mara mbili kwa mwaka, Ubhauli mwezi mpevu wa Aprili au Mei, ndege wanapopanda milimani, na Udhauli mwezi mpevu wa Novemba au Desemba, wanaposhuka kukimbia baridi. Watu hucheza kwa duara wakifuata ngoma na matoazi, na hatua zao, ziitwazo sili, huigiza kupanda, kupalilia, na mwendo wa ndege na wanyama. Wakati wa Udhauli, ambao ni wakati wa mavuno, Walimbu wana Chasok Tangnam.

Serikali zinazitambuaje dini hizi?

Nchini India, Kifungu cha 25 cha katiba kina maelezo yanayowajumuisha Wasikhi chini ya neno Wahindu kwa madhumuni fulani, jambo ambalo limewaudhi Wasikhi wengi kwa miaka mingi. Sensa ya 2011 iliwahesabu huko kuwa milioni 20.8. Nchini Nepal, sheria kuu ya mwaka 1854 iliwapanga Wakirati katika ngazi za matabaka ya Kihindu chini ya jina la wanywaji pombe, na dini yao haikuhesabiwa peke yake hadi sensa ya 1991. Sensa ya 2021 iliwapata 924,204, yaani asilimia 3.17 ya wananchi. Idadi hiyo haiwakamati wale ambao, kwa mazoea au kwa kalamu ya karani, bado huandikwa Wahindu.

Je, watu wa dini hizi mbili wamewahi kukutana?

Mara nyingi, na hasa jeshini. Waingereza waliwaandikisha Wasikhi katika vikosi vyao, na Warai na Walimbu katika vikosi vya 7 na 10 vya Gurkha, yaani vya askari kutoka Nepal. Mwaka 1915 kikosi cha 14 cha Wasikhi na batalioni ya kikosi cha 10 cha Gurkha vilipigana katika brigedi moja huko Gallipoli, Uturuki. Kukutana kwa kidini ni kuchache. Huko Sikkim, kwenye ziwa Gurudongmar lililo juu ya mita 5,000, mwaka 2017 ulizuka mvutano mkali kuhusu gurdwara, kwa kuwa Wasikhi wanalihusisha ziwa na safari za Guru Nanak ilhali wenyeji Wabudha wanalihusisha na Padmasambhava, mwalimu wao wa kale. Lakini huo haukuwa ugomvi na Wakirati.

Nikitaka kuona kwa macho yangu, nizingatie nini?

Gurdwara haimfungii mgeni mlango. Vua viatu, funika kichwa kwa leso au kitambaa, usiingie na sigara mfukoni wala pombe tumboni, na ukiketi usimwelekezee Granth nyayo zako. Ukipewa karah parshad, ambayo ni kama halua laini ya unga wa ngano, samli na sukari, ipokee kwa mikono miwili.

Tambiko la nyumbani la Kikirati halina mlango wa umma, kwa hiyo subiri ualikwe. Sakela ni tofauti: huchezwa hadharani, kama katika uwanja wa Tundikhel mjini Kathmandu, na pia Uingereza, walikohamia askari wastaafu wa Gurkha na familia zao. Simama kwanza nyuma ya duara, mtazame anayeongoza hadi hatua zake zikuingie miguuni, kisha ingia pale watu wawili watakapokuachia nafasi.